Hasira Yako Inashuka Wapi?

Leo twataka kuzungumza juu ya hasira. Hatukuja kuwaambia kwamba hasira ni mbaya. Hilo mmeambiwa tangu shule ya Jumapili, na kama kuambiwa kungetosha, tungekuwa tumepona zamani. Twataka kujifunza namna ya kuishika. Basi kila mtu atafute kalamu na daftari dogo, hata lile lililobaki kurasa chache la mtoto wa shule, maana kuna mazoezi ya kufanya.

Na tuanze na safari moja. Tuseme yuko baba anayefanya kazi katikati ya mji wa Nairobi na kukaa Kawangware. Asubuhi mkubwa wake wa kazi amemkaripia mbele ya vijana ambao yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha kazi. Hakujibu, kwa kuwa kazi ni adimu na karo ya watoto haijalipwa. Saa 11 jioni anafika Kencom kungoja gari namba 46. Mvua imeanza kunyesha, na nauli imepanda pamoja na mvua. Kondakta anamsukuma ndani kama gunia la viazi. Tena hajibu, maana akijibu atabaki barabarani. Gari linapanda Valley Road kama kinyonga. Hurlingham limesimama. Yaya limesimama. Saa 2 usiku anafungua mlango wa nyumba yake, na mtoto wa miaka 6 anakimbia kumlaki. Katika kukimbia mtoto anagonga meza, chai inamwagika juu ya nguo zilizokwisha pigwa pasi. Kofi linatoka.

Sasa twauliza: lile kofi lilikuwa la nani? Mtoto hakumkaripia baba yake. Mtoto hakupandisha nauli. Lile kofi lilikuwa la mkubwa wa kazi, na masalio yake yalikuwa ya kondakta. Lilipanda gari mjini, likalipiwa nauli, likashuka Kawangware pamoja na mwenyewe.

Hivi ndivyo hasira ilivyo. Ni kama maji ya mvua, haipandi mlima, hutafuta bondeni. Mkubwa wa kazi tunamwogopa, kwa hiyo haimfikii. Inateremka mpaka impate asiyeweza kuirudisha. Wala tusidhani kwamba haya ni mambo ya Kawangware tu. Huko Lavington, ng'ambo ya barabara, mama mwenye nyumba kubwa anaudhiwa ofisini, naye anarudi kumfokea mfanyakazi wa nyumbani kwa sababu ya kijiko. Mfanyakazi ananyamaza, na saa 4 kesho yake asubuhi, wakiwa wawili tu na mtoto mchanga asiyetaka kula uji, ile hasira ya ofisini inamfikia mtoto wa mwenye hasira. Imezunguka mji mzima ikarudi kwao.

Katika Mwanzo sura ya 4 twasoma habari za hasira ya kwanza iliyoandikwa katika Biblia, nayo ilifanya safari hiyo hiyo. Kaini alikasirika kwa sababu sadaka yake haikukubaliwa. Aliyeikataa sadaka ni nani? Ni Mungu. Aliyeuawa ni nani? Ni Habili, ambaye hakufanya lolote ila kuwako karibu. Na angalieni jambo ambalo wengi hulipita wakisoma. Kabla ya Kaini kwenda shambani na nduguye, Mungu alimwuliza maswali. Alimwuliza kwa nini amekasirika, na kwa nini uso wake umekunjamana. Kisha akamwonya kwamba dhambi inamvizia mlangoni, naye yampasa kuishinda. Mungu hakumwambia Kaini kwamba kukasirika kwenyewe ndiko dhambi. Dhambi ilikuwa bado nje, mlangoni, na nafasi ya kufanya jambo ilikuwapo. Mazoezi yetu yote ya leo ni ya nafasi hiyo, kati ya uso kukunjamana na mkono kuinuka.

Mtume Paulo naye, katika Waefeso 4:26, anakubali kwamba tutakasirika, lakini anatupa mpaka wa saa: jua lisichwe nasi tungali na uchungu. Sasa sisi wa Nairobi tunakaa karibu na ikweta. Jua letu huchwa karibu saa 12 na nusu, likizidi au kupungua dakika kama 20 tu, mwaka mzima. Je, saa 12 na nusu wengi wetu tuko wapi? Tuko garini. Wa Kangemi na Uthiru wako Waiyaki Way, wakitazama juu wanaona magari ya wenye fedha yakipita upesi kwenye ile barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022. Kwa hiyo mpaka wa Paulo unatufikia tukiwa njiani, kabla hatujaona uso wa mtoto wala wa mke wala wa mume. Twadhani jambo hilo ni la rehema. Safari ya jioni, ambayo sote twailaumu, ndiyo saa yetu ya kufanya kazi hii.

Zoezi la kwanza ni kuujua mwili wako. Mtu akiudhiwa, tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo humwaga katika damu kitu kiitwacho adrenalini. Moyo hupiga mbio, pumzi hufupika, misuli hukaza, kana kwamba kuna simba mbele. Mungu ameuweka mwili hivyo ili upigane au ukimbie. Lakini katika ofisi hupigani wala hukimbii. Unakaa kitini ukisema "Ndiyo, bwana," na mwili umebaki umejiandaa kwa vita ambayo haikupiganwa. Ukiuacha peke yake, hutulia baada ya muda. Ukiendelea kuyarudia moyoni yale uliyoambiwa, unaanza upya kila mara, hata jioni.

Lugha yetu ni hodari hapa. Twasema hasira "hupanda". Kitu kinachopanda kina ngazi, na aliye katika ngazi ya pili anaweza kushuka kwa urahisi kuliko aliye katika ya saba. Tena tunayo majina ya ngazi hizo: mtu hukereka, huudhika, hukasirika, hughadhibika. Basi juma hili, mara tatu kwa siku, jiulize uko ngazi gani, na mwili wako unakuambia nini. Kwa wengine ni taya linalokaza. Kwa wengine ni masikio kuwa moto, au koo kukauka, au vidole kujikunja vyenyewe. Mwingine huanza kunyamaza, na watu wa nyumbani mwake hujua kimya hicho kuliko yeye anavyokijua. Mwulize mkeo, mwulize mumeo: "Mimi nikianza kukasirika, wewe unaona nini kwanza?" Utashangaa jinsi jibu lilivyo tayari.

Zoezi la pili ni la pumzi, na laweza kufanywa garini bila jirani kujua. Vuta pumzi puani ukihesabu moyoni mpaka 4, kisha itoe polepole ukihesabu mpaka 6. Kutoa kuzidi kuvuta, hiyo ndiyo siri yake, kwa kuwa moyo hupunguza mbio wakati wa kutoa pumzi. Fanya hivyo mara 10. Kama wataka, badala ya hesabu weka jina la Bwana. Labda mtu atasema haya si mambo ya kiroho. Lakini Kiebrania cha Agano la Kale hutumia neno moja kwa hasira na kwa pua, na pale Kutoka 34:6 inaposema kwamba Mungu si mwepesi wa hasira, maneno yenyewe yasema kwamba ana pua ndefu, yaani pumzi yake ni ndefu. Waebrania wa kale walijua kwamba mwenye hasira huhema kwa kifupi. Sisi tunajifunza tu kuhema kama watu wa nyumba ya Baba yetu.

Hapa twapenda kuondoa kosa moja lililoenea sana. Watu husema hasira ni kama mvuke, ni lazima itolewe, la sivyo itapasuka. Wengine hushauri upige mto, au uvunje chupa, au upaze sauti. Mwaka 2002 mtafiti mmoja wa Marekani, Brad Bushman, alilipima jambo hili kwa wanafunzi 600 wa chuo kikuu. Walitukanwa kwa ajili ya insha walizoandika. Kisha wengine walipewa mfuko wa kupiga ngumi wakiwaza juu ya yule aliyewatukana, wengine wakaupiga wakiwaza juu ya kuupa mwili mazoezi, na wengine wakakaa kimya tu dakika chache. Waliopiga ngumi wakimwaza adui yao ndio waliobaki na hasira nyingi kupita wote. Waliokaa kimya ndio waliofanya ukali mdogo kuliko wengine. Hasira hailingani na mvuke, inalingana na moto wa jiko: ukiupepea unawaka.

Na kupepea si ngumi tu. Wawili wakikaa kiti kimoja kutoka mjini hadi Kangemi wakimsema mkubwa wao wa kazi njia nzima, wanapepea. Mwenye kuandika maneno makali kwenye simu, akangoja wenzake wamjibu "kweli kabisa," anapepea. Hata maombi yaweza kuwa ya kupepea, mtu anaposimama katika mkutano wa sala akamweleza Mungu ubaya wa jirani yake kwa kirefu, na jirani ameketi safu ya tatu.

Zoezi la tatu ni la miguu. Shuka kituo kimoja kabla ya chako, utembee. Mwili uliojiandaa kwa vita utapata kazi ya kufanya, nayo adrenalini itatumika. Tembea ukitazama vitu vya nje: mama anayechoma mahindi, fundi anayefunga kibanda, mbuzi wa mtu. Usitembee ukirudia kesi, maana hapo utakuwa umehamisha jiko tu kutoka garini hadi barabarani. Lakini twajua vichochoro vyetu. Kama saa imepita na njia si salama, usitembee, shuka penye watu na usimame dakika 5 karibu na mlango wako kabla ya kugusa komeo. Lipo pia zoezi la wengine, la kushuka kituo kimoja kabla na kuingia baa "kupunguza mawazo". Hilo hatulifundishi. Pombe haishushi hasira, huondoa mlinzi aliyekuwa akiishikilia.

Sasa shikeni madaftari, maana zoezi la nne ndilo lenye manufaa kuliko yote, nalo lina historia ambayo Mkristo atafurahi kuijua. Katika karne ya kwanza, huko Roma, mwanafalsafa Seneca aliandika kitabu kizima juu ya hasira. Alimwandikia ndugu yake, aliyekuja kuitwa Galio. Ndiyo, ni Galio yule yule wa Matendo sura ya 18, liwali wa Akaya, ambaye Paulo aliletwa mbele ya kiti chake cha hukumu huko Korintho. Seneca alisema kwamba dawa kubwa ya hasira ni kukawia. Tena alieleza desturi yake ya kila usiku: taa ikiisha kuondolewa, na mkewe akiisha kunyamaza, alikuwa akiipitia siku yake nzima, neno kwa neno na tendo kwa tendo, bila kujificha.

Fanya vivyo hivyo kwa siku 14. Usiku andika mistari minne tu. Wa kwanza, ni nini kilichotokea, kama ambavyo mpiga picha angekiona, bila kusema "alinidharau", kwa sababu dharau haionekani kwenye picha. Andika "alisema kazi yangu ni ovyo, watu watatu wakisikia." Mstari wa pili, mwili wangu uliniambia nini. Wa tatu, niliwaza nini wakati ule. Hapo ndipo palipo na hazina. Utakuta kwamba tukio ni dogo na wazo ni kubwa. Tukio ni chai iliyomwagika, wazo ni "Hakuna anayenijali katika nyumba hii." Wa nne, hasira ilishuka wapi, yaani nani aliyeipokea mwisho.

Baada ya siku 14 soma ule mstari wa nne peke yake, ukurasa kwa ukurasa. Kama jina la mtoto linarudi mara kwa mara, wala jina la mkubwa wa kazi halimo hata mara moja, umekwisha kuijua njia ambayo hasira yako hupita. Usiende kumhubiria mtu. Endelea kuandika.

Lakini hatujamaliza na Galio. Yule liwali, ambaye ndugu yake alimwandikia vitabu vitatu vya kutuliza hasira, alikuwa mtulivu kweli kweli. Wayahudi walipomshtaki Paulo, hakukasirika, aliwafukuza tu. Kisha wakamkamata Sosthene, mkuu wa sinagogi, wakampiga papo hapo mbele ya kiti cha hukumu, na Maandiko yasema Galio hakujali. Je, huo ndio utulivu tunaoutaka? Hasha. Bwana wetu katika Marko 3:5 aliwatazama kwa hasira watu waliotaka mtu mwenye mkono uliopooza abaki vile vile, akahuzunika kwa ugumu wa mioyo yao. Kisha mkono wake ulifanya nini? Haukumpiga mtu, ulimponya aliyekuwa mgonjwa. Hasira yake ilishuka mahali pake.

Kwa hiyo zoezi la tano ni kuipeleka hasira kwa mwenyewe, kwa njia inayofaa. Nairobi imeyaona haya kwa macho. Tarehe 28 Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikwenda Uhuru Park, wakaanza kufunga kula, wakidai wana wao waachiliwe. Pamoja nao alikuwa Profesa Wangari Maathai. Tarehe 3 Machi polisi waliwashambulia kwa virungu na gesi ya kutoa machozi, na Wangari Maathai akapigwa hata akazimia. Baadhi ya akina mama walivua nguo zao mbele ya askari, jambo ambalo katika mila zetu ni laana nzito. Kisha wakahamia All Saints Cathedral, hatua chache tu kutoka hapo, wakakaa chini ya kanisa kwa muda wa karibu mwaka mmoja. Kufikia mwaka 1993 wengi wa wana wao walikuwa wameachiliwa. Wale mama walikuwa na hasira kuliko mtu yeyote katika mji huu. Hatujasikia kwamba walikwenda kuwapiga wajukuu zao. Waliijua anwani ya hasira yao, wakakaa mlangoni pa mwenyewe mpaka afungue.

Mambo yetu mengi ni madogo kuliko hayo, lakini njia ni moja. Mathayo 18:15 inatuagiza tumwendee aliyetukosea, tukiwa wawili peke yetu. Jambo gumu ni maneno ya kusema. Andika katika daftari kabla ya kwenda, na uandike kwa "mimi" wala si kwa "wewe kila siku". Mfano: "Bwana, jana ulinikaripia mbele ya vijana, nami niliona uchungu. Naomba nikikosea uniite kando." Hapo kuna tendo moja, uchungu mmoja, na ombi moja. Sema ukiwa umeshuka hadi ngazi ya pili, si ya saba, na asubuhi ni bora kuliko jioni. Kama kazi yako itakuwa hatarini, nenda pamoja na mwakilishi wa wafanyakazi, au umwambie mzee wa kanisa mwenye busara ashauriane nawe kwanza. Huenda mkubwa asikubali. Hata hivyo hasira iliyosemwa kwa mwenyewe haina haja tena ya kupanda gari kwenda kumtafuta mtoto.

Wazee wetu wa Uamsho walilijua jambo hili. Uamsho ulitoka Rwanda na Uganda ukafika kwetu, na mwaka 1949 maelfu walikusanyika Kabete katika mkutano wao. Desturi yao ilikuwa kutembea nuruni. Ndugu akiwa na kinyongo juu ya ndugu yake hakulala nacho, alifunga safari, hata usiku, akabisha hodi, akasema. Nyumba nyingi za Kabete na Kikuyu zilipona kwa desturi hiyo. Kweli, wengine waliiharibu, wakawa wanaomba msamaha kwa namna ya kushtaki: "Ndugu, nisamehe, nimekuwa nikikuchukia kwa sababu ya kiburi chako." Hiyo si toba, ni kofi lililovaa kanzu. Lakini desturi yenyewe ni njema, nasi twasikitika kwamba katika ushirika mwingi siku hizi watu hukaa miaka kumi benchi moja na vinyongo vyao.

Kabla hatujaenda mbali, kuna jambo ambalo ni lazima tuliseme wazi. Wewe mama, au wewe baba, au wewe kijana, unayepigwa nyumbani: mazoezi haya si yako kumfanyia anayekupiga. Si kazi yako kuhema ili yeye atulie. Tumewasikia wazee wa kanisa wakimrudisha mama kwa neno "vumilia", naye ana alama usoni. Twasema bila kuogopa kwamba huko ni kuwa kama Galio, kutazama Sosthene akipigwa. Kenya ina sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani. Iko namba ya simu ya bure, 1195, kwa mtu aliyetendewa ukatili, na 116 kwa ajili ya watoto. Ziandike nyuma ya daftari, hata kama si za kwako. Mtu mwingine katika ushirika atazihitaji.

Limebaki swali moja ambalo wazazi hutuuliza kwa sauti ya chini, baada ya ibada, watu wakiisha kutawanyika. Je, kama kofi limekwisha kutoka? Mtoto amelala na machozi yamekauka shavuni. Jua lilikuchwa zamani.

Usingoje Jumapili. Asubuhi, kabla hujatoka kwenda kituoni, chuchumaa ili macho yenu yawe sawa. Sema maneno machache: "Mwanangu, jana nilikupiga. Nilikuwa na hasira niliyotoka nayo kazini. Haikuwa yako. Nisamehe." Baba wengi huona hili ni gumu kuliko kutubu mbele ya kanisa zima, kwa maana baba zetu hawakutuomba msamaha hata siku moja. Usiongeze "lakini nawe uache kukimbia ndani ya nyumba." Hilo utamfundisha siku nyingine, ukiwa umetulia. Wala usimlipe kwa peremende. Mtoto asipojibu, usimlazimishe, labda atajibu kwa kukusogelea jioni, labda baada ya juma zima. Kisha chukua daftari, uandike katika mstari wa nne jina lake, na tarehe.

Wakati wetu umekwisha, wapenzi wasikilizaji. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutatazama habari za Daudi alipofunga upanga wake kwenda kumwua Nabali, na jinsi Abigaili alivyomkuta njiani. Kabla ya siku hiyo someni 1 Samweli sura ya 25, na madaftari yawe karibu. Kwaherini.